Abiria Niliyemwacha Barazani

Saida mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi kwa mdomo, na kesho uwanjani nitakupa nyingine, kwa hiyo humu siziandiki. Saa hizi ni baada ya alasiri. Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga wajomba zako, nami nimebaki hapa mezani na kalamu ya ofisi. Nimewaambia nina kazi ya kumaliza. Kazi yenyewe ndiyo hii.

Mambo ya nguo, ya chakula, ya kuswali na ya kuchagua marafiki mama yako amekwisha kukueleza tangu juzi, na nimeona ulivyokuwa ukiitikia huku macho yako yako dirishani. Nilicheka moyoni. Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia baba yangu. Basi mimi hayo siyagusi.

Kesho unakwenda Nairobi kusimama nyuma ya kaunta ya kampuni ya ndege, uvae sare, ugonge mihuri kwenye tiketi za watu. Mtaa mzima unanipongeza, eti binti kafuata nyayo za baba. Nami nashukuru, nacheka, nawakaribisha chai. Lakini wallahi kila nikisikia hivyo moyo unanichoma, kwa sababu kuna jambo nililifanya katika kazi hii ambalo wewe hulijui. Ulikuwa Mombasa kwa bibi yako wakati ule, tulikupeleka huko usome vita vilipopamba moto. Mama yako analijua. Hajawahi kukwambia, na hiyo ni heshima aliyonipa ambayo sikustahili. Nimejaribu kukwambia uso kwa uso mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama viatu vinakubana.

Ilikuwa mwaka wa pili wa vita vya shifta, majira ya mvua. Barabara ya Wajir ilikuwa haipitiki ila kwa kufuata msafara wa malori ya jeshi, na hata huo msafara mtu alipanda akiwa amekwisha kuandika wasia. Aliyeweza alipanda ndege. Ndege zetu unazijua, vile vidude vya injini moja au mbili, abiria watano sita na mizigo miguuni. Mimi nilikuwa wakala wa kampuni hapa Garissa kama nilivyo leo: chumba kimoja, baraza mbele, mizani, meza na muhuri.

Jumanne moja adhuhuri ndege iliyotoka Nairobi kwenda Wajir ikatua hapa bila taarifa. Rubani, mzungu mmoja mwekundu mwenye haraka siku zote, akashuka akaniambia uwanja wa Wajir umejaa tope, hautuliki. Akashusha abiria watano na mizigo yao. Nikamuuliza, "Unawarudisha Nairobi?" Akasema hapana, hapa ana abiria wengine wa kuchukua, watu wa serikali, na lazima awafikishe Nairobi kabla jua halijazama. Wale watano wangoje ndege ya Alhamisi. Akanywa maji, akawasha injini, akaenda zake.

Kati ya wale watano, wawili walikuwa walimu kutoka bara. Hao walipata kitanda kwenye nyumba ya wageni ya serikali kabla vumbi la ndege halijatulia. Wawili walikuwa wafanyabiashara wa Kisomali, wenye ndugu hapa mjini, watu wa kujulikana. Wa tano alikuwa mama wa makamo, peke yake, jina lake Dahabo. Aliishi Nairobi. Hapa Garissa hakuwa na mtu.

Na lazima nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana ninyi vijana mnasahau haraka, na ni vizuri msahau, lakini si leo. Msomali akikutwa mji ambao haumo kwenye kibali chake, alikuwa mtu wa kukamatwa. Kibali cha Dahabo kiliandikwa Nairobi, kikaandikwa Wajir. Garissa haikuwemo. Kwa nini iwemo? Yeye alikata tiketi ya kupita juu yake.

Alikuwa anamfuata mwanawe, Yusuf. Kijana huyo alikamatwa huko Diff akichunga ngamia wa watu, akawekwa ndani Wajir pamoja na wengine. Hakuonekana kuwa na kosa. Ofisi ikasema ataachiliwa Ijumaa asubuhi ikiwa mzazi wake atasimama mbele ya afisa na kusema, huyu ni wangu, mimi namjibia. Asipotokea mtu, Ijumaa hiyo hiyo anahamishwa na wenzake kwenda gereza la mbali, na atatoka Mungu akipenda. Dahabo alinieleza yote hayo akiwa amekaa kwenye benchi la baraza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p ikimtoka b, na mimi Kisomali changu unakijua, mama yako hukicheka hadi leo, lakini tulielewana.

"Wewe ndiyo mwenyewe ya ndege?" akaniuliza.

"Mimi ni wakala, mama."

"Basi mimi nabanda ndege yako. Nangoja wewe."

Akafungua chombo alichobeba, akanipa nyirinyiri. Nyama ya ngamia iliyokaangwa ikazamishwa kwenye samli, unajua mwenyewe ilivyo tamu. Alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya Yusuf. Hakuna aliyekuwa ameionja. Nami sikuwa nimekula tangu alfajiri. Nikachukua, nikala, nikasema ile sentensi ambayo watu wa kazi yetu tunaisema kama kupiga chafya: "Usiwe na wasiwasi, mama, uko mikononi mwangu."

Sasa sikiliza hapa, Saida. Babu yako mzaa mama, Mungu amrehemu, katika ujana wake alikuwa abaan. Sijui kama amewahi kukusimulia. Zamani msafara wa biashara ukitaka kupita nchi ya watu, ulimtafuta mwenyeji mmoja awe abaan wake. Akikubali, akala chakula chao, basi kwisha: kuanzia hapo wale ni watu wake. Akiibiwa mmoja, kaibiwa yeye. Akipigwa mmoja, kapigwa yeye. Mvua inyeshe, kisima kikauke, vita vitokee, yeye bado ni abaan mpaka awafikishe walikokuwa wanakwenda. Babu yako alinieleza hayo siku nilipokuja kumposa mama yako, tena kwa kirefu, na sikupewa hata chai mpaka alipomaliza. Kwa hiyo asije mtu akakwambia baba yako alikuwa mgeni, hakujua mila. Nilijua. Nilipokuwa nikitafuna ile nyama nilijua Dahabo ananitazama vile.

Wale wafanyabiashara wawili walipokuwa wanaondoka walimwita aende nao. Walisema ndugu zao wana chumba cha wanawake, na mwenye nyumba anajuana na wakubwa, atamsemea. Ni nyumba ya hatua mia mbili kutoka ofisini! Dahabo akakataa kwa adabu. Akawaambia kwa Kisomali, nami nilisikia vizuri, kwamba yeye tayari ana mtu wake hapa. Wakanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Wakaenda.

Mara nyingi nimejiuliza kwa nini nilitikisa kichwa. Nadhani ilinipendeza. Karani wa mihuri kuitwa abaan mbele ya watu, nani hapendi? Nilitaka sifa ya kazi ile bila kazi yenyewe.

Nikaenda posta, faili na muhuri kwapani, nikapeleka simu ya maandishi makao makuu Nairobi. Nikaandika: abiria mmoja mwanamke hana pa kulala, hana kibali cha hapa, naomba ruhusa ya kumtafutia chumba na kumwandikia barua yenye muhuri wa kampuni. Jibu likaja saa kumi. Mvua si kosa la kampuni. Masharti yako nyuma ya tiketi. Funga safari Garissa. Maana yake niandike kwenye orodha kwamba abiria wameshuka hapa na safari yao imekwisha. Wakipanda Alhamisi ni kwa hisani.

Niligeuza tiketi nikayasoma hayo masharti. Herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, Kiingereza kitupu. Na kweli yalisema hivyo. Nikaandika kama nilivyoambiwa, majina matano, safari imekwisha, nikagonga muhuri.

Nimekuwa na muda mwingi wa kulifikiria jibu lile. Mvua kweli si yetu. Hakuna kampuni inayoleta mvua. Lakini aliyechagua kutua Garissa ni nani? Rubani angeweza kugeuza ndege, na Dahabo angelala kwake Nairobi salama, asubuhi aamke atafute njia nyingine. Tulimshusha hapa kwa sababu hapa tulikuwa na shughuli zetu. Tukishamweka mtu mahali kwa faida yetu, hatuwezi kumwambia kilichompata pale kimeletwa na mawingu. Mwanangu, utasikia neno "hali ya hewa" mara nyingi kwenye kaunta hiyo. Likitajwa, wewe jiulize tu: baada ya hali ya hewa, nani aliamua nini?

Lakini ya kampuni nayaandika upesi kwa sababu ni rahisi kuyaandika. Yangu ndiyo magumu.

Nilirudi ofisini na jibu mfukoni. Nilimwona kwa mbali amekaa kwenye benchi. Ningemwambia tu, mama, wamekataa, kimbilia kwa wale jamaa kabla ya kafyu ya usiku, angekimbia. Muda ulikuwepo. Au ningemchukua nyumbani kwetu, mama yako angempa hata kitanda chetu. Lakini nilishamwambia yuko mikononi mwangu, na aibu ya kurudi na mikono mitupu ilinishinda. Na hofu pia, nisijifiche. Mume wa mwanamke wa Kisomali mwaka ule alikuwa mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Kumlaza nyumbani Msomali asiye na kibali, hapana, niliona kamba shingoni. Basi nikazunguka, nikaingia ofisini kwa mlango wa nyuma, nikaweka faili, nikatoka kwa mlango ule ule wa nyuma, nikaenda nyumbani. Nilijiambia atachoka kungoja, atakwenda kwa wale jamaa mwenyewe.

Mama yako alinipokea mlangoni, akaushika mkono wangu, akaunusa.

"Umekula nyirinyiri ya nani?"

"Ya abiria mmoja."

"Yuko wapi?"

Nikageuka kwenda kunawa. Akauliza tena, safari hii polepole. Nikamwambia. Lo! Sijawahi kumwona mama yako akitazama mtu namna ile. Akajitupia mtandio, akafika mlangoni, na hapo hapo kipenga cha kafyu kikalia. Nikamshika mkono. Akasema, "Niache, Omar." Sikumwacha. Tulisimama hivyo mlangoni mpaka tuliposikia lori la doria likipita upande wa ofisi, likasimama, likaondoka. Ndipo nikamwachia, na yeye hakuwa na pa kwenda tena.

Asubuhi sajini wa doria alinikuta nikifungua ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa bara, amechoka, buti zimejaa tope. Dahabo alikuwa nyuma yake kando ya lori.

"Karani," akasema, "huyu mama anasema yeye ni wako. Ni mtu wako?"

Neno moja tu, Saida. Sajini alikuwa ananipa mlango. Alitaka kusikia ndiyo, apate kwenda kulala. Dahabo naye akaniambia, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo lililokwisha kupatana: "Mwambie basi."

Nikamwambia sajini, "Alikuwa abiria wa kampuni. Safari yake imekwisha." Nikamwonyesha orodha yenye muhuri.

Sajini akaisoma, akanitazama, akasoma tena. Kisha akampandisha Dahabo kwenye lori.

Wakamshikilia kwa uchunguzi siku nne. Alhamisi ndege ya Wajir ikaja, anga safi kabisa, ikaondoka na walimu wawili na wafanyabiashara wawili na kiti kimoja kitupu. Wale wafanyabiashara hawakunipa hata salamu. Ijumaa asubuhi pale Wajir hakusimama mtu kumjibia Yusuf. Jumamosi mama yako alifunga chakula akaenda kwenye lango la kambi kumngojea Dahabo, akaambiwa amekwisha kuachiliwa alfajiri na amepandishwa msafara wa malori kwenda Wajir. Alifika, mwanawe keshahamishwa. Baadaye tukasikia amerudi Nairobi, na mwaka uliofuata tukasikia amefariki. Mimi sikumtia machoni tena.

Baada ya hapo nilibadilika, na sikuandiki hili unisifu, maana kubadilika huko kuliwafaa watu wengine, si yeye. Ndege ikikwama hapa, natoka barazani mwenyewe, nawaambia abiria lile ninalolijua na lile nisilolijua. Mtu akiambiwa ukweli mapema hupata muda wa kujiokoa. Hilo ndilo nililomnyima Dahabo, zaidi hata ya chumba na chakula. Nawaandikia barua: hawa ni abiria wangu mpaka wafike waendako, wenye swali waje kwangu. Nagonga muhuri. Nairobi wamenikaripia mara tatu kwa kutumia muhuri kinyume cha taratibu. Barua zao ninazo kwenye droo, ukitaka kucheka. Wasiokuwa na jamaa mama yako huwalaza hapa nyumbani. Unakumbuka ulivyokuja likizo ukakuta watu sita sebuleni ukanung'unika? Ndio hao.

Sitaki uwe mbishi na wakubwa zako kazini. Sitaki hata uache sheria za kampuni. Nyingi zina maana, na ndege si punda, haiwezi kwenda kila mtu atakapo. Utaogopa pia, kama mimi. Nakuomba tu usitoke kwa mlango wa nyuma. Ukiwa huna la kuwapa watu, toka mbele uwaambie huna.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya niandike.

Jumatatu iliyopita kijana mrefu aliingia ofisini, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, kama watu wanaotoka kifungoni wanavyofanya, hawangoji tena. Akasema ametoka mwezi huu pamoja na wengine wanaoachiliwa. Jina lake Yusuf, mama yake Dahabo.

Nikaweka kalamu chini.

"Ile Ijumaa tulipangwa mstari," akasema. "Kila mtu akaitiwa wake. Mimi nikaambiwa hajaja mtu. Huko gerezani miaka yote nilijua hivyo tu, kwamba mama hakuja. Sasa watu wananiambia alikuja, wengine wanasema hapana. Wewe ndiye mwenye karatasi. Alipanda ndege?"

Ningeweza kumwambia ndiyo, nikaishia hapo. Wallahi lilinijia hilo wazo, na lilikuwa tamu. Lakini nikamwambia yote, Saida. Benchi, nyirinyiri, jibu la Nairobi, mlango wa nyuma, sajini. Nikamwambia, "Mama yako alikuja siku tatu kabla ya siku yako. Mimi ndiye niliyemwacha nje."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Akauliza tu:

"Alikuwa amevaa nini?"

Buti za sajini ninazikumbuka, tope lake ninalikumbuka, herufi za tiketi ninazikumbuka. Yeye, alivaa nini, uso wake ulikuwaje, sikumbuki. Niliongea naye, nikala chakula chake, na sikumtazama.

Nikasimama nikatafuta faili la siku ile, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Orodha ya abiria ina vitu vitatu tu: jina, namba ya tiketi na uzito, maana kwenye ndege ndogo kila mtu hupimwa. Nikamsomea uzito wa mama yake. Ratili tisini na nne.

Akairudia ile namba taratibu. Kisha akainuka, akaweka mkono mlangoni, akaniambia, au labda hakuwa akiniambia mimi:

"Basi alikonda. Mimi nilipomwacha alikuwa mama mnene."

Baba yako,
Omar